Umeandikiwa MRI ya mishipa ya mapafu? Usimfiche daktari haya

Ukiambiwa utafanyiwa kipimo cha MRI kuangalia mishipa ya damu ya mapafu, na kwamba utachomwa sindano ya dawa, huenda ukaiogopa sindano. Lakini picha huharibiwa zaidi na pumzi, na madhara makubwa hutokana na mambo ambayo mgonjwa hakuyasema.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, haitumii mionzi kama X-ray au CT-Scan. Ndiyo maana inawafaa watoto waliozaliwa na matatizo ya moyo, ambao hupigwa picha mara kwa mara. Hutumika pia kutafuta damu iliyoganda mapafuni, pale CT-Scan isipomfaa mgonjwa.

Dawa inayotumika ina madini ya gadoliniamu. Ikiingizwa kwenye mshipa wa mkono, hufika mapafuni ndani ya sekunde chache na kuifanya mishipa ing'ae kwenye picha. Hapo mtaalamu atakuambia uvute pumzi na kuibana, kwa kawaida sekunde 15 hadi 20. Ukipumua au kujitikisa, picha hutoka na ukungu. Katika utafiti wa PIOPED III uliochapishwa mwaka 2010, picha za mgonjwa mmoja kati ya wanne hazikuwa na ubora wa kutosha. Kama huwezi kubana pumzi, sema mapema.

Kabla ya siku ya kipimo, mweleze daktari:

• Kama una ugonjwa wa figo. Figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini. Kwa mwenye figo zilizochoka sana, baadhi ya dawa hizi, hasa za zamani, zinaweza kusababisha ngozi kukakamaa.

• Kama una chuma au kifaa mwilini, mfano betri ya moyo au kipande cha chuma jichoni. Sumaku inaweza kukisogeza au kukiharibu.

• Kama ni mjamzito au unahisi hivyo. Dawa hii huepukwa, isipokuwa pale inapohitajika kweli.

• Kama uliwahi kupata mzio baada ya sindano ya kipimo.

Mama anayenyonyesha kwa kawaida anaweza kuendelea, kwa kuwa dawa inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno.

Mzazi, mwambie mtoto ukweli: mashine inapiga kelele kubwa, lakini haiumi. Mdogo sana anaweza kupewa dawa ya usingizi. Ukiambiwa asile, usimpe hata uji, kwani anaweza kutapika akiwa usingizini na chakula kikaingia mapafuni.

Baada ya sindano, ukiona mwasho, uvimbe au kubanwa pumzi, mwambie mhudumu papo hapo. Kwa mwenye figo nzima, sehemu kubwa ya dawa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja.

Na ukibanwa pumzi ghafla, ukapata maumivu makali ya kifua au kukohoa damu, usisubiri tarehe ya MRI. Nenda hospitali mara moja.