Je, Wajua? Kinga ya mzee haisahau upesi

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Utotoni huwa kubwa. Baada ya balehe husinyaa, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta.

• Thaimasi ndiyo shule ya seli T, askari wa kinga. Ikisinyaa, askari wapya hupungua. Ndiyo maana mwili wa mzee huchelewa kupambana na kijidudu kigeni.

• Seli T zikizeeka huitikia ishara kwa udhaifu. Seli nyingine zilizochakaa hutoa kemikali za uvimbe mfululizo, hata pasipo maambukizi.

• Mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa kali. Dalili huwa udhaifu au kuchanganyikiwa ghafla. Mwahisheni kituo cha afya!

• Kumbukumbu ya kinga hudumu. Wazee wa Bukama, kando ya mto Lualaba nchini Kongo (DRC), waliochanjwa ndui kabla ya ugonjwa huo kutangazwa umetokomezwa mwaka 1980, bado wananufaika. Chanjo hiyo hukinga pia dhidi ya mpox, ugonjwa wa virusi vya jamii moja na vya ndui: katika wilaya ya Sankuru nchini humo, kati ya 2005 na 2007, hatari ya mpox kwa waliochanjwa ndui ilikuwa takriban moja ya tano ya ile ya wasiochanjwa.