Ziara ya Makaburi ya Gallipoli

Mtume wetu (s.a.w.) ameturuhusu kuzuru makaburi, kwani kuyazuru kwatukumbusha Akhera. Walakini wengi wetu twazuru kaburi la mzazi au la sheikh tuliyemjua. Leo nataka kuwasimulia, enyi wasomaji, ziara ya makaburi ya watu nisiowajua, iliyonifunza jambo ambalo miaka mingi ya kusomesha chuoni haikunifunza.

Nalikwenda Istanbul kumtazama mpwa wangu anayesoma huko. Akaniambia, "Mjomba, usirudi nyumbani bila ya kuiona Gallipoli." Rasi hiyo iko kando ya mlango wa bahari wa Dardanelles, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa gari. Wageni wengi huenda kwa mabasi, makumi kwa makumi. Sisi tulikodi gari na kiongozi wa peke yetu, mzee wa Kituruki, ili tusimame tutakapo na tuulize tutakalo. Gharama yake ni kubwa zaidi, lakini faida yake mtaiona.

Katika mwaka 1915 Uingereza na Ufaransa walitaka kuuteka mlango huo, wapate njia ya kufika Istanbul, makao ya Khalifa, na ya kuwapelekea Warusi silaha. Manowari zao zilijaribu kupita tarehe 18 Machi zikashindwa, na tatu zikazama. Basi wakaazimia kuteremsha askari pwani, nao wakateremka tarehe 25 Aprili.

Kiongozi wetu alianza na Seddülbahir, katika ncha ya kusini, kwenye ufuko ambao Waingereza waliuita V. Ni ufuko mdogo na maji yake ni matulivu. Hapo meli River Clyde ilipandishwa pwani kwa makusudi, ikiwa na askari wapata 2,000 tumboni mwake. Kila waliotoka, risasi za Waturuki ziliwapokea, wakaanguka majini. Makaburi yao yako hatua chache tu kutoka ufukoni.

Hapo karibu pana mnara wa Helles, ulioandikwa majina zaidi ya 20,000 ya askari wa upande wa Waingereza, wasiokuwa na kaburi lijulikanalo. Tukaenda tukisoma, mara tukafika kwenye majina ya askari wa Bara Hindi, na ndani yake mna majina ya Kiislamu. Nikainua mikono kuwaombea. Mpwa wangu akanishika mkono akasema, "Mjomba, hawa walikuja kupigana na jeshi la Khalifa, nawe wawaombea?"

Sikuwa na jawabu papo hapo. Yule mzee akatueleza kuwa palikuwa na vikosi viwili vya Punjab vyenye Waislamu wengi. Wakubwa wao walichelea kuwapiganisha na Waislamu wenzao, wakaviondoa mwezi wa Mei. Lakini Waislamu wengine wa Bara Hindi, wapigao mizinga ya milimani na waongozao nyumbu, walibaki. Na katika jeshi la Wafaransa walikuwamo Waislamu wa Afrika Magharibi. Khalifa alikuwa ametangaza jihadi Novemba 1914, na huku mtawala aliyewashika amewaamuru waende. Wengine walijiandikisha kwa kutafuta mshahara wa kulisha wazee wao, wengine walichukuliwa kwa nguvu.

Baada ya adhuhuri tulipanda milima ya kaskazini, walikopigana Waturuki na watu wa Australia na New Zealand. Waturuki walishambulia tarehe 19 Mei, na maelfu ya maiti yakabaki baina ya mahandaki, yakioza juani. Tarehe 24 Mei pande zote mbili zilinyamazisha bunduki kwa muda wa saa chache ili wazike. Watu waliokuwa wakiuana wakachimba makaburi wakitazamana uso kwa uso. Jioni wakarudi mahandakini, na vita vikaendelea mpaka Januari 1916. Waturuki waliokufa katika vita hivyo walizidi 80,000, na wageni walizidi 40,000.

Nikamwambia mpwa wangu, "Mwanangu, walipokuwa vitani walisimamisha vita ili maiti wapate haki yao. Sisi tuliokuja miaka zaidi ya mia baadaye, twamnyima nani dua? Hukumu ni ya Mola, aijuaye nia ya kila mmoja."

Hakunijibu. Tulisali alasiri kwenye ukumbusho wa Kikosi cha 57 cha Waturuki, ambapo pana mahali pa kusalia pasipo paa. Tulipotoa salamu, ni yeye aliyeinua mikono kwanza, akamwombea kila aliyekufa pale na shahada moyoni mwake, wa upande huu na wa upande ule.

Basi enyi wazazi, mkijaaliwa kufika huko, msimwachie kiongozi awaonyeshe makaburi ya upande mmoja tu. Na msiojaaliwa, wasomesheni wanenu habari hizi, wajue kuwa mtu akikosa amri ya nafsi yake, huenda akafa akimlenga ndugu yake. Mwenyezi Mungu atuepushe na hayo. Amin.