Mtoto Asiyeitika Jina Lake Asingojeshwe

Katika mkutano mmoja wa shehia tuliouhudhuria, mazungumzo yalikuwa ni juu ya usafi wa mitaro na michango ya kumalizia banda la skuli. Mkutano ulipokaribia kufungwa, mama mmoja aliyekaa nyuma aliomba ruhusa ya kusema. Alieleza kwamba mwanawe wa kiume ametimiza miaka minne na hajapata kumwita mama. Mtoto huyo haitiki aitwapo, hatazami uso wa mtu, na kutwa nzima hupanga vifuu vya nazi kwa mstari mmoja. Mstari wake ukiguswa hulia mpaka akatota jasho. Mama alikwisha kumpeleka kwa waganga watatu. Alikwenda katika hospitali moja akaambiwa arudi mtoto atakapokua. Mumewe alimwacha, kwa hoja kwamba balaa hilo limetoka upande wa mke. Swali lake lilikuwa fupi: "Nifanye nini leo, waheshimiwa? Maana habari ya mwakani nimekwisha kuambiwa sana."

Hakuna aliyemjibu. Na sisi tuliokaa meza ya mbele, wenye vyeo na makaratasi, ndio tuliokuwa wa kwanza kuinamisha vichwa. Safu hii ya leo ni kulipa deni la jibu lile.

Huenda jambo linalomkabili mtoto huyu ni lile liitwalo usonji. Tunasema huenda, kwa kuwa si kazi ya mwandishi wa gazeti kupima watoto. Usonji si homa, si wazimu, wala si utovu wa adabu. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, inayoanza mapema sana katika maisha ya mtoto, na inayomfanya aone taabu kuzungumza na kuchanganyika na wenziwe, apende mambo yale yale kwa namna ile ile, na pengine ateswe na sauti au mguso ambao kwetu sisi si kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na hali hii. Kwa hesabu hiyo, ni shida kuipata shehia isiyokuwa na watoto wa namna hii, ijapokuwa zipo nyingi ambazo hazijui kwamba wanao.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Ni kweli kwamba maelezo mashuhuri ya kwanza yalitoka Marekani, pale Dakta Leo Kanner wa Baltimore alipoandika habari za watoto 11 mwaka 1943. Lakini mtafiti Victor Lotter alizunguka katika miji tisa ya Afrika, akawakuta watoto wa aina hiyo hiyo, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1978. Watoto hawa walikuwapo tangu hapo. Kilichokosekana ni jina la hali yao na mtu wa kuwatazama.

Lipo na jambo la lawama, na hili hatuna budi kulisema bila ya kuuma maneno. Hata wasomi waliwahi kuwatupia mama zao kosa hili. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliueneza sana usemi kwamba mtoto huwa hivi kwa kukosa mapenzi ya mama. Usemi huo umekwisha kuanguka. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, alikwisha kuupinga katika kitabu chake cha mwaka 1964. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa watoto mapacha wa Uingereza, ulioonesha kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa katika jambo hili. Na urithi, ndugu zetu wanaume, hutoka pande zote mbili. Mume anayemwacha mkewe kwa sababu hii hajaondoa kitu. Amemnyima mtoto mwalimu mmoja kati ya wawili aliokuwa nao. Wala chanjo zisisingiziwe: makala ya mwaka 1998 iliyozua maneno hayo, kwa habari za watoto 12 tu, iliondolewa na jarida lenyewe lililoichapisha, mwaka 2010.

Sasa, mzazi atajuaje? Mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida hugeuka aitwapo jina lake, na hurudisha tabasamu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huonesha kwa kidole kitu anachokitaka, na hata kile anachotaka wewe nawe ukione: ndege, ng'ombe, mwezi. Mtoto wa miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama maji" au "baba njoo". Pale mambo haya yanapokosekana, mzazi asiyadharau. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakampotea, katika umri wowote, apelekwe kituo cha afya bila ya kuchelewa. Jambo la kwanza la kuomba huko ni kupimwa masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitiki, na dawa ya huyo ni nyengine.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Madaktari wenye ujuzi wa usonji ni wachache, foleni ni ndefu, na cheti cha kuthibitisha hali ya mtoto chaweza kuchukua miaka. Miaka hiyo ndiyo ile ile ambayo ubongo wa mtoto hupokea mafunzo kwa wepesi zaidi. Kwa hivyo, kungojea cheti ndipo kazi ianze ni sawa na mkulima kungojea mvua ipite ndipo apande mbegu. Mafunzo tutakayoyaeleza hayamdhuru mtoto hata kama mwishowe itaonekana kwamba hakuwa na usonji. Basi kwa nini angojeshwe?

Mafunzo hayo ni yepi? Hayahitaji mashine wala chumba maalumu. Mzazi hukaa chini, uso wake uwe sawa na uso wa mtoto. Hamwondoi kwenye anachokipenda, bali humfuata huko huko. Yule mtoto wa vifuu, kwa mfano, asinyang'anywe vifuu. Mama akae naye, apange kifuu kimoja kama yeye apangavyo, kisha akishike kifuu kinachofuata mkononi mwake na angoje. Angoje kweli, ahesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Mtoto akitupa jicho, au akinyoosha mkono, au akitoa sauti yoyote, hayo tayari ni mazungumzo: apewe kifuu pale pale, na mama aseme neno moja tu, "kifuu". Siku nyengine litakuwa neno hilo na jengine. Vivyo hivyo wakati wa kula, mtoto aoneshwe embe na ndizi, achague. Wakati wa kuoga, kata ya maji isimame hewani kidogo kabla ya kumwagwa. Wakati wa kuvaa, kiungo kitajwe, kisha nguo. Kinachotakiwa ni dakika chache, mara nyingi kwa siku, katika kazi zile zile ambazo mzazi angezifanya kwa vyovyote vile.

Sisi tuliopita chuoni tunalijua somo hili kwa njia nyengine. Mwalimu hakutufungulia Msahafu mzima siku ya kwanza. Alitupa alifu, tukakaa nayo, akatupa be, tukakaa nayo, kisha tukaunganisha. Aliyechelewa hakuambiwa arudi atakapokua. Alirejeshwa nyuma herufi moja, akaanza tena. Mtoto mwenye usonji hudai subira hiyo hiyo, na kila hatua yake aoneshwe furaha. Kiboko hakimpi mtoto huyu neno hata moja. Na kumfunga kamba mtoto kwa ajili ya aibu ya majirani ni dhuluma ambayo hatutaipamba kwa jina jengine.

Haya si maneno matupu. Katika Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, ulifanywa utafiti wa watoto 65 wenye usonji wa umri wa miaka miwili hadi tisa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Wahudumu wa afya wasiokuwa mabingwa waliwafundisha wazazi kwa vikao 12 katika miezi sita. Mzazi alipigwa picha ya video akicheza na mwanawe, kisha akaitazama pamoja na mhudumu ili aone wapi mtoto alimwita naye hakutambua. Wazazi wakawa wasikivu zaidi kwa watoto wao, na watoto wakaanza wenyewe mazungumzo zaidi kuliko awali. Huko Australia, utafiti mwengine wa watoto wachanga 103 walioonesha dalili za mapema ulitangazwa mwaka 2021: walipofikia miaka mitatu, waliotimiza vigezo vya usonji walikuwa asilimia 6.7 katika kundi ambalo wazazi wake walipewa mafunzo, na asilimia 20.5 katika kundi jengine. Nalo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa wenye kuchelewa katika ukuaji: vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, na mwenye kuyaendesha si lazima awe daktari.

Lakini hatutaki kumpa mtu matumaini ya uongo. Tafiti hizo ni za watoto wachache, na si kila kipimo kilichopanda. Usonji hauondoki kama homa inavyoondoka, na mtu anayeuza dawa ya kuuponya, awe na hirizi au awe na chupa yenye maandishi ya kigeni, anauza njaa ya mama aliyekata tamaa. Dua hatuikatazi; nani miongoni mwetu aliyelelewa bila ya dua? Tunachosema ni kwamba dua na kazi havigombani. Wako watoto watakaosema, na wako watakaozungumza kwa picha na kwa ishara maisha yao yote, nao pia watakuwa wamezungumza. Lengo ni mtoto huyu aliye mbele yetu aweze kutuambia kwamba ana njaa, kwamba anaumwa, kwamba hataki. Si kumgeuza awe mtoto mwengine.

Wala isifahamike kwamba tunamtwika mzazi mzigo huu peke yake. Mama asiyelala hawezi kufundisha. Baba ana mikono, bibi ana nyimbo, shangazi ana nafasi ya mchana. Kila mmoja ajifunze namna ile ile ya kukaa na mtoto, na mama apate saa yake ya kupumzika. Huko Ethiopia, Bibi Zemi Yenus, baada ya skuli kumkataa mwanawe, alianzisha kituo cha watoto hawa mjini Addis Ababa mwaka 2002. Tunamheshimu marehemu huyo. Lakini taifa lisijivunie kwamba kila mama aliyekataliwa atajenga skuli yake mwenyewe.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 25 na ya 26 za mkataba huo zinataka huduma za namna hii zianze mapema iwezekanavyo na ziwe karibu na watu wanakoishi, hata vijijini. Nasi hatuanzi na mikono mitupu. Mpango wa Jamii ni Afya, ulipoenea wilaya zote za Unguja na Pemba mwaka 2021, ulikuwa na wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wenye kuingia majumbani na kuangalia ukuaji wa watoto wadogo. Mtu anayebisha hodi tayari yupo. Tunaiomba Serikali impe mafunzo ya kuzitambua dalili hizi na ya kumwonesha mzazi namna ya kuanza. Tunaitaka Jumuiya ya Wazazi, ambayo jina lake peke yake ni wajibu, ilete jambo hili katika vikao vya matawi. Masheha na mabalozi wajue ni nyumba zipi zenye mtoto asiyetolewa nje, wakaingie humo kwa heshima na siyo kwa upelelezi. Walimu wa vyuo na wa skuli za maandalizi wasimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu hakai kitako.

Na wewe mama uliyesimama nyuma ya mkutano ule, jibu lako tuliokupasa siku ile ni hili. Kesho mpeleke akapimwe masikio, na usiondoke huko bila ya kuandikiwa tarehe ya kuonwa tena. Leo, kabla ya magharibi, kaa naye chini kwenye vifuu vyake. Shika kimoja mkononi, na ungoje.