Aibu Inayokuja Baada ya Kuacha Unga

Leo hatutasema jinsi ya kuacha dawa za kulevya. Tutasema juu ya kitu kinachofuata baada ya kuacha, ambacho wengi hawakitarajii: aibu.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Pwani. Kwa miaka minne alivuta heroini, ile tunayoiita unga. Aliuza mtungi wa gesi, akauza sare za shule za mwanawe, na siku moja akatoweka na pesa za chama. Sasa ni mwezi wa tatu anakunywa methadoni kila siku kliniki. Arosto imekwisha, usingizi umerudi. Lakini kila akiwaona kina mama wa chama sokoni, huvuka barabara. "Nilipokuwa navuta sikuyaona haya," asema. "Sasa nayaona yote."

Ni kweli. Unga hautii ganzi mwili peke yake, hutia ganzi moyo pia. Ukiondoka, mambo ya miaka minne huja kwa pamoja. Kwa hiyo mama anayelia mwezi wa tatu kuliko alivyolia wa kwanza si lazima awe amerudi nyuma. Huenda ndiyo kwanza amezinduka.

Sasa tutenganishe mambo mawili. Hatia husema, "Nilifanya kosa." Aibu husema, "Mimi ni mtu wa kutupwa." Hatia ina njia ya kutokea: pesa za chama zinaweza kulipwa, hata shilingi 50 kwa juma. Aibu haina deni la kulipa, basi hutafuta mahali pa kujificha. Na mtu aliyetumia unga anapajua mahali pa kujificha.

Hapo ndipo penye hatari, tafadhali sikiliza vizuri. Mwili uliokaa majuma kadhaa bila unga hupoteza mazoea. Kipimo kile kile cha zamani kinaweza kusimamisha pumzi. Hata aliye kwenye methadoni, akichanganya na unga, pombe au tembe za usingizi, yumo hatarini. Akitumia kwa siri, mlango umefungwa, nani atamwona? Ukimkuta haamki, anapumua polepole mno au anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, mkimbize hospitalini na umwambie daktari ukweli wote. Iko dawa iitwayo nalokisoni inayoweza kurudisha pumzi, lakini haingoji. Majirani watajua? Wacha wajue.

Mama mjamzito naye aibu humfukuza kliniki. Wengine hujaribu kuacha unga ghafla, wakidhani wanamwokoa mtoto, kumbe arosto kali yaweza kuhatarisha mimba. Methadoni chini ya uangalizi wa wahudumu ni salama zaidi. Mtoto anaweza kuzaliwa akitetemeka na kulia sana, na wauguzi wanajua kumtunza. Anayekuita mama mbaya kwa kunywa methadoni na mimba yako hajui asemalo.

Na mtoto aliyeuziwa sare? Usimfiche, maana anajua. Mwambie kwa maneno machache: "Nilikuwa mgonjwa wa unga. Sare niliziuza mimi. Halikuwa kosa lako." Kisha nyamaza. Usiahidi baiskeli. Ahidi kitu kidogo unachokiweza, kama kumpokea saa kumi akitoka shule, na ufike saa kumi. Asipokukimbilia mwezi wa kwanza, usimlaumu. Alikungoja mara nyingi.

Nawe bibi au dada uliyebaki na watoto, uchungu wako una haki. Ukitaka kufunga kabati la pesa, funga, lakini mwambie wazi, usimnusenuse nguo kila akiingia. Usimwite teja mbele ya watoto. Neno hilo halimponyi mtu. Muulize kama amekula, kama foleni ya kliniki ilikuwa ndefu. Akikuambia ameteleza na kutumia tena, zuia ulimi wako kidogo. Ukimpigia kelele leo, kesho hatakuambia. Mrudishe kliniki siku hiyo hiyo. Wala usijiulize usiku kucha ulimlea vibaya wapi. Uraibu ni ugonjwa unaobadilisha ubongo, na umeingia hata nyumba za watu waliolea vizuri.

Tiba ya methadoni ilianza kutolewa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014, na Malindi mwaka 2015. Kwa ushauri, iwe ni unga, pombe au tembe, piga simu 1192 ya NACADA bila malipo. Huhitaji kutoa maelezo marefu. Anza na, "Naona haya, sijui nianzie wapi."

Yule mama wa mfano wetu hakuweza kusimama mbele ya chama chote. Alimtafuta mweka hazina peke yake, akampa shilingi 200 na kumwambia kiasi kilichobaki. Mweka hazina aliandika katika daftari. Mwanachama mmoja hamsalimu mpaka leo, na hilo nalo ni haki yake. Lakini sokoni havuki tena barabara.