Gia Uliyopandia Ndiyo ya Kushukia

Ndugu msomaji, je, umewahi kupanda Mlima Kitonga? Kama umesafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa, basi umeupanda. Kama hujasafiri, twende pamoja leo. Tutaona milima ya Nyanda za Juu Kusini na barabara zake nyembamba. Tutafurahia uzuri wake. Pia tutajifunza jambo moja linalookoa maisha. Jambo hilo si la dereva peke yake. Ni lako wewe pia unayepanda gari kwenda sokoni, hospitali au kumsalimu ndugu.

TUNAPANDA KITONGA

Safari yetu inaanzia Ruaha Mbuyuni. Hapa ni mahali pa chini, na kuna joto. Mibuyu imejaa kila upande. Wakulima wa hapa wanajulikana kwa kilimo cha vitunguu. Utaviona vimepangwa kando ya barabara vikisubiri wanunuzi.

Tukiondoka Ruaha Mbuyuni, mbele yetu tunaona milima imesimama kama ukuta. Hiyo ni milima ya Udzungwa. Barabara inapanda ikifuata ubavu wa mlima. Upande mmoja ni mwamba. Upande wa pili ni korongo lenye miti mingi. Ukitazama chini utaona magari yanayotufuata yakiwa madogo kama vibiriti.

Injini inanguruma. Dereva anarudi kwenye gia zenye nguvu. Mbele yetu malori yaendayo Zambia na Kongo yanapanda polepole kama kinyonga. Usikasirike kwa sababu ya mwendo huo. Lori linalopanda polepole linafanya kazi yake sawasawa.

Tukifika juu, hewa imebadilika. Joto limekwisha. Abiria wanafunga madirisha na kutafuta masweta. Muda si mrefu tunafika Ilula, penye nyanya nyingi. Kisha tunafika Iringa.

BARABARA HII ILITOKA WAPI?

Zamani barabara hii ilikuwa ya udongo na changarawe. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kwa kupitia huko. Njia hiyo ikafungwa. Ikabidi mafuta yapite Dar es Salaam. Malori yalibeba mapipa ya mafuta yakipita milima hii, masika na kiangazi. Mengi yalianguka. Watu wa nje wakaiita njia hiyo njia ya jehanamu.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikatiwa lami. Reli ya TAZARA ikajengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa mwaka 1976. Reli hiyo nayo ililazimika kupanda milima. Kati ya Mlimba na Makambako wajenzi walitoboa mahandaki na kujenga madaraja mengi. Unaona basi, ndugu msomaji, kuwa mlima haumwogopi mtu. Binadamu ndiye anayepaswa kuuheshimu mlima.

KONA HAMSINI NA SABA

Sasa tutoke Iringa. Tunapita Mafinga, Makambako na Igawa, mpaka Chimala katika mkoa wa Mbeya. Hapa tunaiacha barabara kuu na kuelekea Matamba. Matamba iko katika wilaya ya Makete. Zamani Makete ilikuwa mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 iko katika mkoa wa Njombe.

Njia ya kutoka Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba. Jina hilo limetokana na hesabu ya kona zake. Barabara inakwenda kushoto, inajikunja, inarudi kulia, inajikunja tena. Ukitazama juu unaona njia utakayopita. Ukitazama chini unaona njia uliyopita. Kila kona unayoipita, bonde la Usangu linazidi kufunguka mbele ya macho yako. Unaona mashamba ya mpunga, na barabara kuu imekuwa nyembamba kama uzi.

Juu kabisa ni nchi ya baridi, viazi na pareto. Ukiendelea mbele unafika Kitulo. Mahali hapo wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Wakati wa mvua uwanda wote hujaa maua ya rangi nyingi. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ili maua hayo yalindwe.

Wakulima wa huku wanahitaji soko, na soko liko chini. Kwa hiyo gari lililopanda tupu litashuka na magunia ya viazi. Hapo ndipo penye hatari. Watu wengi hudhani kupanda ndiko kugumu. Lakini gari likishindwa kupanda, husimama. Gari likishindwa kujizuia wakati wa kushuka, halisimami.

KWA NINI BREKI HUSHINDWA?

Sugua viganja vyako kwa nguvu. Unasikia joto. Breki hufanya kazi vivyo hivyo. Husugua chuma ili gurudumu lipunguze mwendo. Dereva akikanyaga breki bila kuachia kwa kilometa nyingi, breki hupata moto sana. Utasikia harufu ya kitu kinachoungua. Breki zenye moto mkali hazishiki tena. Dereva atakanyaga mpaka mwisho, na gari litaendelea kukimbia.

Dawa yake ni gia. Gari likiwa katika gia yenye nguvu, injini yenyewe hulizuia. Breki hupumzika, na hutumika kidogo tu panapohitajika. Ndiyo maana kuna kanuni hii: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Dereva aiweke kabla mteremko haujaanza. Akisubiri mpaka gari limeshika kasi, gia inaweza kukataa kuingia.

Kuna madereva wanaotoa gia mteremkoni ili waokoe mafuta. Wengine huzima injini kabisa. Hilo ni kosa kubwa. Gari likiwa katika gia, na dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Hakuna mafuta mengi ya kuokoa. Na katika lori kubwa, injini ndiyo inayojaza upepo wa breki. Injini ikizimwa, upepo huo haujazwi tena. Kila akikanyaga breki, upepo unapungua.

Mwezi Juni 2024, jijini Mbeya, lori lililoshindwa breki mteremkoni liligonga magari mengine. Watu 13 walikufa. Wahenga walisema: Aliye juu mngoje chini. Lakini chini ya mteremko wapo wauza ndizi, watoto wa shule na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hao hawajui kuwa huko juu kuna gari lisilo na breki.

DEREVA AFANYE NINI?

1. Kabla ya kushuka, asimame mahali palipo wazi na kukagua breki na magurudumu.

2. Asizidishe mzigo. Gunia moja la ziada ni uzito wa ziada juu ya breki.

3. Apige honi kabla ya kona asiyoona mbele yake. Asilipite gari jingine kwenye kona.

4. Penye njia nyembamba, anayeshuka ampishe anayepanda. Gari lenye mzigo likisimamishwa katikati ya mlima, ni vigumu kuliondoa tena.

5. Gari likiharibika, utingo aweke kigingi au jiwe kwenye magurudumu. Pia waweke alama mbali, nyuma na mbele. Wakati wa kuondoka waondoe mawe na matawi yote. Jiwe lililoachwa barabarani linaweza kumwua anayekuja nyuma usiku.

NA WEWE ABIRIA?

Usikae kimya. Ukisikia harufu ya breki kuungua, sema. Ukiona gari limejaa kupita kiasi, usipande. Ni afadhali kulala Chimala usiku mmoja kuliko kutofika kabisa. Dereva akikimbiza gari mteremkoni, mwambie kwa heshima: “Dereva, tafadhali punguza mwendo. Sote tuna watu wanaotungoja.” Mtu mmoja akisema, wengine watamwunga mkono. Usipande juu ya magunia ya viazi. Kwenye kona gunia huteleza, na wewe utateleza nalo.

Na wewe unayefanya biashara kando ya barabara, usipange meza yako mahali mteremko unapoishia. Sogea mbali na barabara. Wateja watakufuata.

Ndugu msomaji, milima yetu ni mizuri. Siku ukipata nafasi, panda Kitonga mchana ukaone korongo lake. Panda Hamsini na Saba, uhesabu kona zake mwenyewe mpaka ufike kwenye maua ya Kitulo. Ukiwa Mbeya, panda njia ya Chunya ukaone bonde lilivyo mbali chini yako. Lakini kabla ya kurudi chini, msikilize dereva wako anavyobadilisha gia. Ukisikia injini inanguruma kwa sauti nzito na gari linashuka polepole, tulia utazame nchi yako. Uko na dereva anayeijua kazi yake.