Herufi za Mwenye Vyombo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpenzi wa dansi aliyekaa Mbinga au Mbamba Bay alizijua bendi za Dar es Salaam kwa redio, na majina yake yalikaribiana mno. JUWATA Jazz ilikuwa imegeuka OTTU Jazz, na mwaka 1992 ikazaliwa TOT. OTTU na TOT: matangazo yakikoroma kidogo tu, huwezi kutofautisha. Lakini herufi hizo hazikuchaguliwa kwa utamu wake. Zilikuwa zinasema vyombo ni vya nani.

Baada ya uhuru, bendi nyingi hazikuwa mali ya wanamuziki. Gitaa za umeme, saksafoni, tarumbeta na spika viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na mpigaji wa kawaida asingeweza kuvinunua. Walioweza ni vyama, majeshi na mashirika ya umma. Mwenye vyombo aliwaajiri wapigaji, akawalipa mshahara, kisha bendi ikabeba herufi zake. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. UDA Jazz ilikuwa ya shirika la mabasi la Usafiri Dar es Salaam. Jeshi la Kujenga Taifa nalo likaipa Kimulimuli herufi za JKT.

Kwingine duniani herufi zilitoka pengine kabisa. ABBA wa Sweden waliunganisha herufi za kwanza za majina yao wenyewe wanne. AC/DC wa Australia waliokota zao kwenye maandishi ya cherehani. Kwetu mwanamuziki hakuwamo ndani ya herufi, na mwenye vyombo alipobadilika, jina lilibadilika naye. Chama cha wafanyakazi kilipoundwa upya, NUTA ikawa JUWATA, kisha OTTU. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ikawa DDC Mlimani Park.

Mashabiki wangeshikilia nini, basi? Walishika mtindo. Kila bendi ilikuwa na jina la mdundo wake, na hilo halikuandikwa kwenye hati ya mali. OTTU walikuwa Msondo, DDC walikuwa Sikinde, UDA walikuwa Bayankata. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alipita NUTA, Mlimani Park na bendi ya OSS kabla ya kurudi Msondo, na mashabiki hawakumpoteza njiani. Leo herufi za chama zimeondoka, ila bendi ipo: inaitwa Msondo Ngoma.

Watu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa waliifanya kazi hii ya kugeuza herufi zamani, kabla ya gitaa la umeme. Jina la jeshi la kikoloni, King's African Rifles au KAR, lilikuwa refu mno mdomoni, na Waswahili wakalifupisha kuwa keya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, gwaride la askari hao likaingia uwanjani kama mganda: wanaume wamejipanga mistari, mavazi meupe, miguu inakwenda kwa amri ya ngoma. Jeshi lilikuwa la Mwingereza. Mganda ni wa Wanyasa.

Ndiyo maana naisoma TOT kwa jicho la huku Nyasa. Tanzania One Theatre ilikuwa ya chama cha CCM, imezaliwa mwaka uleule mfumo wa vyama vingi uliporudi, na herufi zake zilitumika kwenye kampeni. Ilikuwa na kwaya, taarabu ya akina Khadija Kopa, na bendi ya dansi yenye mtindo wa Achimenengule. Aliyeiongoza ni Kapteni John Komba, mtoto wa Lituhi, mbunge wa Mbinga Magharibi, eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Nyasa. Alifariki Februari 2015, akazikwa Lituhi.

Ukitaja TOT mbele ya watu wa rika langu, wengi wataongeza neno moja: ya Komba. Chama ndicho kilichokuwa mwenye vyombo, na nyaraka zitasema hivyo daima. Sauti iliyowajia redioni, wao waliiandikia jina la aliyeiimba.