MTO GEUL: MAJI HAYAJUI MPAKA

Leo tutafuatana na mto mmoja mdogo wa Ulaya. Jina lake ni Geul. Urefu wake haufiki kilomita 60. Lakini mto huu una nchi mbili.

Chemchemi yake iko mashariki ya Ubelgiji, karibu kabisa na mpaka wa Ujerumani. Pale ni kijito tu, hata mtoto anakiruka. Mahali hapo ni juu, karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari. Mto unateremka, unapita Kelmis na Plombières, kisha unaingia Uholanzi. Hakuna anayeuuliza pasi! Huko unapita kijiji cha Epen, halafu mji wa Valkenburg. Mwisho unamwaga maji yake katika mto mkubwa wa Maas, kaskazini ya mji wa Maastricht.

Wengi hudhani Uholanzi yote ni tambarare. Sivyo. Kusini kuna vilima, na Geul unakwenda mbio. Zamani watu walitumia nguvu hiyo kuendesha vinu vya kusaga nafaka.

Basi, maji hubeba mengi. Katika karne ya 19 watu walichimba zinki na risasi karibu na Kelmis na Plombières. Uchafu wa migodi uliingia mtoni. Migodi ilifungwa zamani, lakini madini hayo yangali katika udongo wa kingo, hata upande wa Uholanzi. Madini ya risasi ni sumu. Hivyo wakulima wa chini wamerithi uchafu wa migodi isiyokuwa yao.

Mwezi Julai 2021 mvua kubwa ilinyesha siku mbili. Sehemu nyingine zilipata zaidi ya milimita 150. Maji ya vilimani yalishuka yote kwa pamoja. Katika Valkenburg yaliingia majumbani na madukani, na watu wakahama usiku. Katika Ujerumani na Ubelgiji, mito mingine ilifurika siku hizo hizo. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Tunajifunza nini? Mto ni mmoja, hata kama serikali ni mbili. Wa juu akichafua, wa chini anakunywa. Wa juu akinyamaza mvua inaponyesha, wa chini analala bila habari. Ndiyo sababu majirani wa mto mmoja lazima wazungumze.

Je, ndugu, mto wa kwenu unatoka wapi? Na nani anakaa juu yenu?